Makala za Wasomi, Hukumu ya Kijiweni

Usianze na makala ya kwanza kwenye orodha. Ndilo kosa nililoanza nalo mimi, na lilinigharimu muhula mzima.

Wengi wetu tunaochukua shahada ya uzamili ya biashara huku tukiwa kazini hatukuifuata kwa mapenzi ya kusoma. Tuliifuata kwa sababu ya daraja la mshahara, au kwa sababu mwenzetu wa meza ya pili ameipata na sasa anasaini barua. Tulitegemea kufundishwa bajeti, mchanganuo wa mradi, labda na namna ya kuongoza watu wasioongozeka. Wiki ya kwanza unakabidhiwa orodha ya makala za kitaaluma, Kiingereza kimebanana, tanbihi zimejaa mpaka ukingoni mwa karatasi, na kabla hujamaliza ukurasa wa pili umeshaanza kuulizia madesa. Muhula wangu wa kwanza niliumaliza kwa madesa matupu. Nilifaulu. Ukiniuliza leo nilisoma nini, sina jibu.

Nakuandikia wewe uliye katika hali hiyo, hasa kama unaishi Mafia, ambako maktaba ya chuo iko ng'ambo ya maji na mhadhiri unamjua kwa sauti tu. Sikuahidi alama za juu. Ninachokuambia ni kwamba zile makala zina utamu wake, na kwamba mtu wa kisiwani, anayeishi kati ya boti, minazi na bahari ya watu wengi, yuko karibu nao kuliko anavyodhani.

Mimi niliuonja Nyamisati. Boti ilikuwa inasubiri maji yajae, jua limeshapanda, mtandao unakuja na kupotea, na kwenye simu kulikuwa na faili moja tu lililokubali kufunguka: makala ya George Akerlof ya mwaka 1970, The Market for "Lemons". Kwa jina lile nilidhani ni habari za masoko ya mazao, malimau na ndugu zake. Kumbe kwa Wamarekani limau ni gari bovu lililong'arishwa. Makala yenyewe ina kurasa 13, na hoja yake ungeweza kuisikia kwa dalali yeyote wa Kariakoo. Muuzaji wa kitu kilichotumika anakijua kilivyo; mnunuzi hakijui. Mnunuzi kwa hofu anatoa bei ya katikati. Mwenye gari zima anaona anadhulumiwa, anaondoka na gari lake. Wanabaki wenye mabovu. Mnunuzi akishalijua hilo anashusha bei tena, wanaondoka na wale wa afadhali, na mwisho soko zima linaweza kufa.

Sisi tunaita kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini msemo wetu unamhurumia mnunuzi peke yake. Akerlof anaonyesha kwamba gunia linamfukuza sokoni hata yule mwenye mbuzi mzuri, na hilo sikuwahi kulifikiria.

Niliacha kusoma nikawa naangalia maji. Mwaka mmoja nyuma mjomba wangu alikuwa amenunua injini ya boti iliyotumika. Rangi mpya, kamba ya kuwashia mpya, ikawaka mvuto wa kwanza pale pwani mbele ya watu. Siku ya tisa ikakata katikati ya safari. Fundi alipoifungua, njia za maji ya kupozea zilikuwa zimeziba kwa chumvi, nyeupe na ngumu kama uji uliokaukia sufuriani. Akaigongagonga kwa bisibisi ikawa inadondoka vipande. Tangu siku hiyo mjomba hanunui injini kwa mtu ambaye hamjui mama yake.

Nilipofika Kilindoni nikamsimulia makala. Akasikiliza, akasema, "Huyo bwana kasahau kitu, mwanangu. Ndiyo maana mtu unanunua kwa mtu unayemjua kwao. Akikudhulumu unakwenda kwa wazee wake." Nikarudi kwenye faili ili nimtetee Akerlof, nikakuta nusu ya pili ya makala inazungumza hayohayo: dhamana ya muuzaji, jina la kampuni lenye kulinda heshima yake, na wakopeshaji wa India wanaofanya biashara na watu wanaowafahamu. Nilikuwa nimeiruka. Mjomba, aliyeishia darasa la saba, alikuwa amefika kule kabla yangu. (Na ujue kwamba majarida matatu yaliikataa makala ile kabla haijachapishwa, na kwamba mwaka 2001 ilimpatia mwandishi wake Tuzo ya Nobel. Ukirudishiwa kazi yako imejaa wino mwekundu, kumbuka hilo.)

Basi hilo ndilo jambo la kwanza: pitia orodha yako yote ukitafuta makala inayohusu kitu kilichokuuma. Mkopo ulionyimwa, mzigo uliooza bandarini, bosi aliyeharibu ofisi, ushirika uliokufa. Anza na hiyo hata kama imepangwa wiki ya kumi. Mtu aliyeumizwa na jambo husoma haraka na husamehe Kiingereza kibaya.

Jambo la pili ni namna ya kuishika. Shuleni tulifundishwa kusoma kitabu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, na kuruka kulikuwa uvivu. Makala ya kitaaluma haisomwi hivyo. S. Keshav, profesa wa sayansi ya kompyuta, aliandika mwaka 2007 mwongozo mfupi wa kusoma makala kwa mipito mitatu, nami nimeufuata bila kujuta. Mpito wa kwanza ni wa dakika tano hadi kumi: kichwa, ikisiri, utangulizi, vichwa vidogo, hitimisho, basi. Hapo unaamua kama kuna haja ya kuendelea. Wa pili hauzidi saa moja: unasoma mwili wa makala, unatazama majedwali na michoro, unaziacha hesabu nzito. Wa tatu ndio wa kuivunjavunja makala na kuijenga upya kichwani, na kwa anayeanza unaweza kula saa nne au tano. Wengi wetu tulikuwa tunaanzia huo wa tatu, tukiwa tumechoka, saa nne usiku. Ndiyo maana tulichukia.

Kuhusu milinganyo, nitakupa siri ya watu wasiojua hesabu. Usiikodolee macho. Soma sentensi iliyo juu yake na iliyo chini yake; mara nyingi mwandishi amekwisha kusema kwa maneno kile anachokirudia kwa herufi za Kigiriki. Kama hakusema, andika pembeni "hapa sikuelewa" uendelee. Katika makala nilizozipenda zaidi zimo ambazo hadi leo zina alama hiyo mara tatu au nne.

Sasa nifike pale penye utamu hasa. Makala ya kitaaluma si tangazo, ni ugomvi. Kila mwandishi anamjibu mtu, mara nyingi kwa adabu nyingi mpaka usitambue kwamba anamtukana. Ukisoma makala moja peke yake ni kama kufika kwenye kesi mlalamikaji ameshamaliza na mlalamikiwa hajaja. Tafuta wa upande wa pili. Mtu akikutajia mwandishi kwa maneno kama "mchango muhimu, hata hivyo", simama hapo hapo: kesi inaanza.

Jaribu kesi hii, maana imetugusa sisi wa Mafia kuliko wengi. Mwaka 1968 Garrett Hardin aliandika katika jarida la Science kuhusu malisho ya wote. Kila mchungaji anaongeza ng'ombe mmoja kwa sababu faida ni yake na hasara ni ya kijiji, mpaka majani yanakwisha. Dawa anazoziona ni mbili: mali igawiwe watu binafsi, au dola ishike fimbo. Ukitoa ng'ombe ukaweka pweza na nyavu, umeelewa hoja nyingi zilizotumika kuhalalisha hifadhi za bahari duniani. Mwaka 1990 akajibiwa na Elinor Ostrom katika kitabu Governing the Commons. Ostrom hakubishana kwa nadharia tu. Alikusanya mifano ya watu waliojiwekea sheria wenyewe zikadumu. Mmoja ni wa wavuvi wa Alanya, Uturuki, wapatao 100. Kila Septemba wanaandika orodha ya wavuvi wenye haki na orodha ya sehemu zote za kutega, zikiwa zimeachana kiasi kwamba wavu wa huyu hauzuii samaki wa yule. Wanapiga kura ya bahati kugawana sehemu za kuanzia. Kuanzia hapo hadi Januari kila mvuvi anasogea sehemu moja kuelekea mashariki kila siku. Baada ya Januari wanageuza kuelekea magharibi mpaka Mei. Kwa hiyo kila mmoja anapata siku yake ya penye samaki na siku yake ya pakavu. Mwaka 2009 Ostrom akawa mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi.

Baada ya hao wawili, rudi nyumbani. Watu hawajui kwamba kisiwa chetu kimeandikwa sana. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, na wakati inaanza mwanaanthropolojia wa Marekani, Christine Walley, alikuwa anaishi Chole. Kitabu chake Rough Waters cha mwaka 2004 kinafuatilia jinsi wakazi, maofisa wa serikali, mashirika ya nje na wenye hoteli walivyoivuta hifadhi hiyo kila mmoja upande wake. Kisome ukiwa umekaa mahali ambapo Chole inaonekana, kwa mfano Utende, halafu vuka uwaulize wenyeji. Utawakuta wanaokubaliana nacho na wanaokipinga, na wote watakuwa na ushahidi.

Mwingine ni Pat Caplan wa Uingereza, aliyefika Mafia kaskazini mwaka 1965 na kurudi mara nyingi tangu hapo. Choice and Constraint in a Swahili Community, cha mwaka 1975, kinaeleza jinsi ukoo unaohesabiwa kwa baba na kwa mama pia unavyompa mtu haki ya ardhi. Utauliza hilo linahusiana vipi na biashara. Nenda kaombe mkopo benki kwa shamba lenye wenyewe kumi na wanne, nusu upande wa bibi, ndipo utajua. Mimi nilikielewa kile kinachoitwa gharama za miamala kupitia Caplan kabla ya kukielewa kupitia kitabu cha kozi. Na kama umechoka na nadharia, chukua African Voices, African Lives cha mwaka 1997, ambamo mkulima mmoja wa Mafia aliyepewa jina la Mohammed anayasimulia maisha yake, mengine kwa kuyaandika mwenyewe, pamoja na mashetani yanayokaa humo. Hakimo kwenye orodha ya shahada yoyote ya biashara niijuayo. Kisome hivyohivyo.

Onyo dogo: ukisoma habari za kwenu zilizoandikwa na mgeni, kuna ukurasa utakukasirisha. Usifunge kitabu. Andika pembeni kilichokukasirisha, kwa Kiswahili, na uandike wewe ungesemaje. Hapo tayari umeanza kufanya kazi ambayo chuo kinakulipisha ada ili uifanye.

Hiyo ya Kiswahili naisisitiza. Tulisoma msingi kwa Kiswahili, tukageuzwa kidato cha kwanza, na tangu hapo wengi wetu tunasoma Kiingereza kwa kukariri umbo la sentensi bila kushika kilichomo. Kipimo changu ni hiki: kama siwezi kuisimulia makala kijiweni kwa dakika tano, pasipo neno hata moja la kigeni, sijaisoma. Chukua makala ya Michael Jensen na William Meckling ya mwaka 1976 kuhusu kampuni. Ni ndefu, ina hesabu, na wanafunzi huiogopa. Kijiweni inakuwa hivi: tajiri mwenye chombo yuko nyumbani amelala, nahodha yuko nje usiku na taa zake. Dagaa wakiuzwa kulekule baharini kwa chombo kingine, nani atajua? Tajiri akimlipa nahodha mshahara, nahodha hana sababu ya kuhangaika. Ndiyo maana kuna mgao: toa mafuta na chakula, kinachobaki kina fungu la chombo, fungu la nyavu, na mafungu ya watu. Na bado tajiri anampakia mpwa wake awe mmoja wa mabaharia. Yule mpwa ndiye gharama ya usimamizi. Niliposema hivyo nahodha mmoja mzee alicheka mpaka akaweka kikombe chini, kisha akanieleza kwa nini mpwa hasaidii: naye ana fungu lake katika wizi. Kwa jambo hilo wachumi wana neno lao la kula njama, na wameliandikia makala nyingine. Nilikwenda kuitafuta usiku uleule, hakuna aliyenituma.

Ukishaweza kusimulia, anza kubisha. Robert Jensen (si yule wa juu) aliandika mwaka 2007 kuhusu wavuvi wa dagaa wakubwa huko Kerala, India, simu za mkononi zilipofika pwani yao. Anatoa mfano wa siku moja: tarehe 14 Januari 1997, wavuvi kumi na mmoja wa Badagara walimwaga samaki wao kwa kukosa mnunuzi, na ndani ya kilomita 15 kulikuwa na wanunuzi 27 waliokaribia kuondoka mikono mitupu. Simu zilipoingia, umwagaji ukakoma karibu kabisa, bei za fukwe mbalimbali zikakaribiana, faida ya mvuvi ikapanda kwa wastani wa asilimia 8 na mlaji akapunguziwa asilimia 4. Makala nzuri mno. Sasa shuka bandarini Kilindoni nayo mkononi. Simu kila mtu anayo. Lakini muulize mvuvi aliyekopeshwa nyavu na mafuta na mnunuzi wake kama anaweza kupiga simu kutafuta bei bora. Anaijua bei ya ng'ambo, anaijua vizuri, na samaki atampelekea yuleyule anayemdai. Je, Jensen amekosea, au Kerala mikopo ilikuwa ya namna nyingine? Sijui furaha gani ya kusoma inaizidi hiyo, ya kukuta pwani yako haitoshei kwenye makala ya mtu mkubwa. Rafiki yangu mmoja alikuwa amehangaika miezi sita kutafuta mada ya tasnifu; aliipata kwa swali la aina hiyo, akiwa amesimama kwenye matope.

Kuhusu kuzipata makala, kwa haraka. Omba chuo chako neno la siri la maktaba ya mtandaoni tangu wiki ya kwanza. Vyuo vingi vya Tanzania vina majarida mengi yaliyolipiwa au kutolewa bure ambayo wanafunzi hawayafungui kamwe. Ukitumia Google Scholar, bonyeza palipoandikwa matoleo yote chini ya makala, mara nyingi mojawapo ni la bure. JSTOR hukuruhusu kusoma idadi fulani ya makala mtandaoni kila mwezi ukijiandikisha tu. Kwa wasomi wa Afrika kuna African Journals Online, na usiidharau, maana ndiko utakakokuta soko la Kariakoo likiandikwa na mtu aliyewahi kuibiwa hapo. Zikishindikana zote, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu. Mimi nimejibiwa mara nyingi kuliko nilivyonyimwa.

Pakua nyingi kwa mkupuo mmoja ukiwa penye mtandao mzuri, uzipe majina unayoyaelewa. Faili linaloitwa 1879431 hulioni tena. Ile unayoipenda ipeleke steshenari ikachapwe, kurasa mbili kwenye karatasi moja, mbele na nyuma. Karatasi haiishiwi chaji umeme ukikatika, na pembeni kuna nafasi ya kugombana. Kuhusu saa, mimi husoma baada ya sala ya alfajiri kabla ofisi haijanikumbuka. Wengine husoma botini. Kama tumbo lako halipatani na kusi, usijaribu.

Na uwe na ruhusa ya kuacha. Zipo makala mbaya, tena nyingi: zimeandikwa ili mtu apande cheo, zimejaa maneno yanayoficha kwamba hakuna kitu. Mpito wa kwanza ukikuonyesha hivyo, chukua unachohitaji kwa ajili ya mtihani na uende zako. Madesa nayo yana kazi yake, hasa wiki ile ya mwisho. Sitaki udisko kwa sababu yangu.

Mjomba hajaniacha. Siku hizi tukikutana kwenye kahawa karibu na soko ananiuliza, "Mzungu wako wa leo kasemaje?" Nilipomsimulia wavuvi wa Alanya alinyamaza kwa muda, halafu akauliza swali ambalo mhadhiri wangu hakuwahi kuliuliza: mtu akienda kutega mahali si zamu yake, wanamfanyaje? Sikukumbuka. Nikarudi kwenye kitabu. Ostrom anasema wakosaji ni wachache, kwa sababu mwenye zamu yuko palepale anamwona, na wenzake wote watamwunga mkono wasije wakanyang'anywa na wao. Makosa yakitokea, wanayamaliza mkahawani, kwenye kahawa.

Nikampelekea jibu jioni yake. Akauliza kahawa ya siku hiyo alilipa nani. Hilo kitabuni sikulikuta.